Kanjo nayo huchukua kwa kitabu

Kwa duka ya mtaa wetu hapa Nakuru kuna kitabu kubwa ya kaunta, imefungwa na raba, na karibu kila mtu wa hii ploti jina lake limewahi kuingia huko ndani, hata langu. Unga pakiti mbili, mafuta ya mia, maziwa, mwisho wa mwezi unaenda unapunguza. Mwenye duka hatozi riba. Lakini bei yake ya unga huwa juu kidogo ya ile ya supamaketi, na yeye mwenyewe hafichi, anakuambia wazi kuna watu walichukua kwa kitabu wakahama usiku na godoro, sasa nyinyi mliobaki mnawalipia pole pole bila kujua.

Nimeanza na hiyo kitabu kwa sababu nimekuwa nikisoma karatasi za bajeti ya kaunti kwa miezi kadhaa (mke wangu anasema huo ni ugonjwa, wanaume wengine hutazama mpira) na kila nikifika kwa ukurasa wa madeni namuona yule mwenye duka. Kaunti yetu, ile watu bado wanaita kanjo, inakopa kila mwaka. Inakopa kwa watu wasio na nguvu ya kukataa, na hakuna mahali imeandikwa kwamba huo ni mkopo.

Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kukopa tu kama serikali ya kitaifa imedhamini huo mkopo na bunge la kaunti limeidhinisha. Sheria nzuri, ilitungwa na watu waliokumbuka vile manispaa za zamani zilikuwa zinadaiwa mpaka pesheni za wafanyakazi. Kwa hivyo mwanasiasa akisimama akasema kaunti haina mikopo, mara nyingi anasema ukweli, ukweli wa karatasi. Sasa geuza ukurasa uangalie bili ambazo hazijalipwa. Huko ndiko mkopo umejificha. Mkandarasi ameweka changarawe, mama wa keteringi amepika chakula cha semina, fundi ameleta madawati, mwingine ameleta dawa, kazi imepokelewa, sahihi iko, na pesa haiji. Mwaka wa kwanza haiji, wa pili haiji. Hiyo ni nini kama si kukopa? Tofauti na benki ni kwamba benki ingeuliza maswali kabla ya kutoa.

Na si kitu kidogo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalum wa bili za kaunti mpaka Juni 2018, jumla ilikuwa karibu shilingi bilioni 89, na hapo ni kama bilioni 51 tu ndizo zilionekana halali, zingine karatasi zake hazikutosha. Rais Uhuru akaagiza zilipwe, Seneti ikapiga kelele, vikao vikakaliwa. Kufikia Juni 2024, ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zilikuwa zinaonyesha kaunti zote 47 zinadaiwa zaidi ya bilioni 170. Ni kweli Nairobi peke yake ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya hiyo, na sitaki mtu wa Nakuru au Kisumu ajipige kifua kwa sababu hiyo, ukiwa na homa hujisifu ati wa jirani yako yuko ICU.

Sasa hii deni inazaliwaje? Watu wengi hufikiri ni wizi, na wizi upo sikatai, lakini hata ukiweka malaika pale ofisini deni itazaliwa tu, kwa sababu ya vile bajeti inapikwa. Bajeti lazima pande zote mbili zilingane, pesa inayoingia na pesa inayotoka. Pesa inayoingia kwa kaunti yetu ni mafungu mawili makubwa. Kuna mgao kutoka serikali kuu, Nakuru hupata zaidi ya bilioni 13 kwa mwaka, wa pili baada ya kaunti ya Nairobi, na huo hatuwezi kuupanua kwa kalamu, umepitishwa na Bunge. Halafu kuna mapato ya ndani, leseni, paking, soko, ada za ardhi, hospitali, ambayo kwa Nakuru ni kama bilioni 3 na kitu. Haya ya pili ndiyo mtu anaweza kukisia.

Fikiria wewe ndiye mtu wa bajeti. Kuna MCA (wabunge wa kaunti) 55 wa wadi na kila mmoja ana barabara aliahidi watu, gavana ana miradi yake, mishahara haipungui, na hesabu zinakataa kulingana kwa bilioni moja. Utafanya nini? Unapandisha makisio ya mapato ya ndani. Kalamu moja tu na hesabu zinakubali, kila mtu anapiga makofi, bajeti inapita kabla ya tarehe 30 Juni. Kutoka hapo tenda zinatolewa kwa nguvu ya hiyo bilioni ambayo haipo, kazi inafanywa na watu ambao wapo. Ikifika mwisho wa mwaka wa fedha pesa imekuwa pungufu, na mishahara imelipwa kwanza kwa sababu wafanyakazi wana chama cha kugoma, mkandarasi mdogo hana. Yeye ndiye anabaki na lile pengo mkononi, analibeba nyumbani.

Binamu yangu wa upande wa mama ni seremala, yuko Kisumu, ana karakana ndogo na vijana wanne. Miaka kadhaa iliyopita alipata tenda ya viti na meza kwa ofisi moja ya umma, ofisi gani na ya wapi tuiache. Akakopa sacco akanunua mbao, akamaliza kazi, akapeleka, akasainiwa. Akaambiwa ngoja pesa itoke Nairobi. Akangoja. Akaambiwa mwenye faili amehamishwa. Akangoja. Akaambiwa kuna kamati ya kuhakiki madeni, alete karatasi upya. Alilipwa baada ya zaidi ya miaka miwili na ilikuwa imebaki kidogo sacco wauze pikipiki yake. Nilipomuuliza kama atarudia akacheka akasema atarudia, lakini siku hizi akiandika bei ya tenda ya serikali anaongeza kitu anaita bei ya kungoja.

Bei ya kungoja. Nimetafuta kwa karatasi zote za bajeti sijaona mtu ameiandika vizuri hivyo. Kwa sababu hapo ndipo unajua huu mkopo una riba, riba kali kuliko ya benki, ila inalipwa mapema, imefichwa ndani ya bei ya kila kiti na kila karavati. Wale waaminifu wasio na mtaji wa kungoja wanaacha kuomba tenda, wanabaki wenye mfuko mrefu ama wenye mtu ndani wa kusukuma faili, na wote wawili bei yao iko juu. Kisha tunakaa tukishangaa kwa nini choo cha soko kinagharimu kama nyumba ya mtu.

Narudi kidogo kwa ile pesa, kwa sababu watu husikia bilioni wakadhani tuko matajiri. Chukua mgao na mapato ya ndani pamoja, sema bilioni 16, weka kando misaada yenye masharti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 kaunti nzima. Gawanya. Inakuja kama shilingi 7,400 kwa kila mtu kwa mwaka, ambayo ni shilingi ishirini kwa siku. Ishirini! Mandazi mbili na hujapata chai. Na hiyo ishirini ndiyo inafaa ilipe daktari wa PGH, hospitali yetu kubwa, na mwalimu wa chekechea na lori la takataka na barabara ya Kuresoi. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo, hiyo ni shilingi sita, na kanuni zake zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato, ambapo kaunti nyingi zilishapita zamani. Kwa hivyo mtu akikuambia tutajenga hiki na kile, mwambie una shilingi sita, endelea.

Na hapo sasa ndipo hii hadithi ya kuwa jiji inaniuma. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Agosti 2024 Eldoret ikafuata. Mimi pia nilifurahi, nilipiga simu nyumbani. Nilidhani jiji litakuwa na mfuko wake. Kumbe lina bodi na lina meneja, lakini Katiba kifungu cha 207 inasema kila pesa ya kaunti, isipokuwa ile imetengwa na sheria, inaingia kwa Hazina moja ya Mapato ya Kaunti, kwa hivyo paking unayolipa Kenyatta Avenue inaenda kwa chungu kimoja na cess, ile ada ya mazao, ya viazi vya Molo, na bodi inakaa ikingoja ipakuliwe. Kupakua ni kazi ya bunge lenye wadi 55, ambapo Nakuru Mashariki na Nakuru Magharibi pamoja ni wadi 11. MCA wa Kuresoi akisema watu wake hawana hata barabara ya kupitisha maziwa hana makosa. Lakini mtu akiniuliza jiji la Nakuru linaingiza pesa ngapi na linatumia ngapi na linadaiwa ngapi, jiji lenyewe lenye watu zaidi ya 570,000 kwa sensa, siwezi kumjibu kwa kusoma kitabu cha bajeti, lazima nianze kuokota vipande huku na kule kama anayetafuta punje za wimbi kwa mchanga.

Kuna kitu kingine kinatuchanganya, rekodi za mapato. Kila mwaka utasikia kaunti fulani imevunja rekodi ya mapato ya ndani, picha, pongezi. Kabla hujapiga makofi uliza ni ngapi ya hospitali. Tangu sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya, pesa inayokusanywa na hospitali inabaki hospitalini, na vile inafaa, mgonjwa asilipe ndio taa ya barabara iwake. Kwa Nakuru hospitali ndizo zinaleta fungu kubwa sana la hayo mapato. Ukizitoa, kile kinachobaki cha kuziba mashimo ni kidogo na hakikui kwa kasi ya watu wanaohamia Kiamunyi na Pipeline. Halafu tena sehemu ya hiyo pesa ya hospitali ni madai kwa bima, zamani NHIF na kuanzia Oktoba 2024 ni SHA, na hospitali za umma zimelia sana juu ya malipo kuchelewa, kwa hivyo hata hapo unakisia mkopo juu ya mkopo.

Mahali jiji lolote duniani linapata pesa ya kudumu ni ardhi. Ardhi haihami usiku na godoro. Kifungu cha 209 kimepea kaunti nguvu ya kutoza ada ya ardhi, lakini hiyo ada hufuata daftari la thamani, na hayo madaftari huzeeka, Nairobi ilitumia la miaka ya 1980 kwa muda mrefu sana, ploti imekuwa ghorofa kumi na daftari bado linaona shamba la sukuma wiki. Kisha kuna wanaodaiwa ada na hawalipi, na wakubwa ndio sugu kwa sababu wanangoja msamaha wa riba ambao hutangazwa karibu kila baada ya muda fulani, ukilipa mapema unaonekana mjinga. Na serikali kuu nayo, yenye ardhi ya reli, ya jela, ya makambi, ya nyumba za maafisa, inafaa ilipe mchango badala ya hiyo ada, na kupata huo mchango ni kazi ambayo magavana wameililia kwa miaka. Sasa ukishindwa kudai kwa mwenye ghorofa na ukashindwa kudai kwa serikali, unabaki na nani? Mama mboga wa soko la Wakulima. Yeye hana wakili. Askari wa kanjo anafika saa kumi na mbili asubuhi na risiti mkononi, na kama hana anabebewa kikapu. Nimeona Mswada wa Fedha wa kaunti ukijadiliwa, na nusu ya mabishano yalikuwa ada za watu wa vibanda na bodaboda, ilhali ukihesabu vizuri hata ukiwaongezea mara mbili huzibi lile pengo.

Si haki pia nisiseme upande wa pili. Serikali kuu hutesa kaunti. Mgao huchelewa miezi, na mwingine hutumwa Juni mwisho wakati mfumo wa malipo unakaribia kufungwa. Mwaka wa 2024 kaunti zilipanga bajeti zikijua zitagawana bilioni 400.1, halafu Mswada wa Fedha wa kitaifa ukaangushwa na vijana barabarani mwezi wa Juni, na mwishowe mgao ukawa bilioni 387.4, mvutano wenyewe ukiisha Desemba, nusu ya mwaka imeisha na tenda zilishatolewa. Gavana afanye nini hapo, amrudishe mkandarasi achimbue lami? Hilo nalielewa. Lakini ukijua mvua ya nyumbani kwenu haina saa, huaniki mahindi yote nje. Mimi nikipata kazi za vibarua siandiki mpango wa mwaka nikidhani kila mwezi nitaitwa, najua kuna miezi ya njaa. Bajeti zetu huandikwa kana kwamba miezi ya njaa haipo.

Na hapo bado sijafika kwa madeni ambayo hayaandikwi popote, yale ya miaka ishirini mbele, ambayo ndiyo hunikosesha usingizi kuliko ya binamu.

Dampo la Gioto liko pale juu upande wa London, kwa mteremko wa Menengai, limekaa miongo. Mvua ikinyesha maji yanashuka mjini kutafuta ziwa, na plastiki inashuka nayo. Siku moja itabidi lifungwe, lifukiwe vizuri, na lingine lijengwe, na hiyo ni pesa nyingi ambayo tunaikopa leo kila lori likimwaga. Kisumu wanajua, Kachok, dampo lao, ilikaa hapo karibu na uwanja wa Moi mpaka ikawa mlima, na kuihamisha ilikuwa ahadi ya kampeni, ilikuwa vita, ilikuwa gharama. Ziwa Nakuru nalo limepanda tangu 2010 hivi, limemeza lango kuu la zamani la mbuga na nyumba za watu upande wa Mwariki, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutoa maji nje, kwa hivyo kila paa mpya na kila lami mpya inaongeza maji yanayokimbia huko. Mitaro ya kupunguza hayo maji haizinduliwi na bendi, kwa hivyo haijengwi kwa haraka. Mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa, inazinduliwa, ikipata hitilafu ama bili ya stima ikichelewa inabaki mti wa kunguru.

Bili za stima zenyewe mliona Februari 2025 vile kaunti ya Nairobi na Kenya Power, kampuni ya stima, walivutana kuhusu nani anamdai nani mpaka takataka zikamwagwa nje ya Stima Plaza, ofisi za hiyo kampuni. Ilikuwa kichekesho kwa simu zetu, lakini hilo ni deni la kitabu lililozeeka mpaka likaanza kunuka, na maneno haya mnielewe vile mnataka.

Au chukua viwanja. Uwanja wa Afraha umekuwa ukifanyiwa ukarabati kwa pesa za mpango wa miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na Kisumu walijenga ule wa Mamboleo, wakaandaa na Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, mwezi wa Mei 2022 watu wakafurahi. Sina shida na viwanja, mimi ni mtu wa mpira wa hapa nyumbani. Shida yangu ni laini moja ambayo siioni kwa bajeti: nyasi, maji, rangi, mlinzi, kila mwaka, kwa miaka thelathini, itatoka kwa shilingi sita zipi? Mfadhili hujenga akaenda. Wazee walisema kukopa harusi kulipa matanga, na hapa harusi tunapewa bure kabisa, matanga ndiyo yetu.

Katiba kifungu cha 201 inasema mzigo na faida za matumizi na za kukopa zigawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Nilikisoma mara tatu. Kijana wangu yuko darasa la tano na tayari ana deni la Gioto.

Mwezi wa Februari kaunti hutoa ule waraka wa mkakati wa fedha, na sheria inataka wananchi waulizwe. Nimehudhuria kikao kimoja cha aina hiyo, kitabu kilikuwa kinene kama cha nyimbo za Mungu, tulikipata asubuhi hiyo hiyo na kufikia saa saba tulikuwa tunagawiwa soda. Safari hii sitaenda kuomba barabara. Nitaomba karatasi moja, upande mmoja tu: kila bili ambayo haijalipwa, ya kazi gani, imefikisha siku ngapi, na ni ipi imeruka foleni ikalipwa mbele ya nyingine. Pamoja na laini moja ya kuonyesha makisio ya mapato ya miaka mitano na kile kilichoingia kweli, bila hospitali. Nimemwambia mwenye duka anisindikize akaniuliza kwani hawana kitabu? Nikamwambia wanayo, ila hawafungui mbele ya mteja. Akasema basi yeye hatakuja, ana mzigo wa unga unafika siku hiyo na lazima alipe taslimu.